Gari la Maharusi Laenda Kabambare

Kabla mume wangu hajaling'oa viti, gari letu lilikuwa limembeba kila bibi harusi wa Kasongo mwenye kujiheshimu. Wakatoliki, Waprotestanti, mabinti wa familia za Kiislamu za mjini, wote walikalia kiti changu cha nyuma. Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijapani, la zamani, na katika mji ambako watu hupanda pikipiki na mizigo hupanda malori, gari dogo lenye milango minne ni kitu cha kutazamwa. Nililiendesha mwenyewe, polepole, honi ikilia, kwa sababu madereva wa kuazima hulewa kabla keki haijakatwa. Jina langu ni Apolline, lakini tangu nizae naitwa Mama Carine, na nasema mapema kwamba mimi si mtu wa kunyamaza.

Habari hii ni ya mume wangu, Gédéon. Alizaliwa katika familia ya wakulima upande wa Wamaza, kwenye njia ya Kabambare, akaja Kasongo akiwa kijana kujifunza kutengeneza malori, na lori la kwanza aliloingia chini yake ni kama hajatoka mpaka leo. Ukimtafuta garajini, tafuta miguu. Ni mpole, wa maneno machache, na ana kiburi kimoja tu, nacho ni resori. Resori ni yale mapande ya chuma yaliyopinda, yanayopangwa moja juu ya jingine nyuma ya gari ili yabebe uzito. Lori likivunjika mgongo njiani kwa kujazwa mchele kupita kiasi, linaburutwa mpaka kwa Gédéon. Anaongeza mapande, anayapiga moto, anayakaza, na lori hilo halivunjiki tena. Madereva husema gari lililopita mikononi mwake unaweza kulipakia nyumba pamoja na wapangaji.

Mwaka jana kamati ya vijana wa Kasongo na Kabambare ikatangaza mashindano ya kiangazi. Pikipiki zilikuwa na kundi lao, magari ya jipu kundi lao, na safari hii, kwa kuthubutu, wakaongeza kundi la magari madogo. Sheria zilikuwa chache. Uondoke Kasongo asubuhi na ufike Kabambare kabla jua halijatua, kwa magurudumu yako mwenyewe. Ndani ya gari wawe watu wawili, na asiye wa gari hilo asiliguse njiani. Kila aliyeijua ile barabara alicheka, maana hata pikipiki hufika Kabambare zikikohoa. Kundi la magari madogo likapata mtu mmoja wa kujiandikisha.

Siku ya tangazo hilo Gédéon alirudi nyumbani mapema, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nami nikajua kuna jambo. Akala, akasifu mboga. Hapo nikajua ni jambo kubwa.

"Mama Carine," akasema, "ile motokari yetu, mi nataka kuitengeneza ikuwe ya mbio."

"Motokari ya nani?"

"Yetu."

"Ile iko motokari ya maharusi, Baba Carine. Njo yenye inaweka chumvi mu hii nyumba."

Akainamisha kichwa, akakuna mkeka kwa ukucha. Nilidhani ameshindwa. Kumbe alikuwa anatafuta maneno, na alipoyapata aliyatoa taratibu.

"Maisha yangu yote niko natengeneza motokari ya watu. Nikimaliza, wenyewe wanaenda, mi nabaki. Mara moja tu nataka na mi niende."

Nilikasirika, kwa sababu lilikuwa neno la kweli, na neno la kweli likisemwa na mtu mpole huwezi kulijibu kirahisi. Basi tukawekeana masharti mbele ya Hamadi, rafiki yake, mfanyabiashara wa mchele kutoka moja ya zile familia za Kiislamu zilizo mjini tangu enzi za babu wa babu. Akifika Kabambare kabla ya jua kutua, gari ni lake, alifanye atakavyo, nami nitatafuta njia nyingine ya kubebea maharusi. Asipofika, viti vinarudi, rangi nyeupe inarudi, na neno mbio halitatajwa tena nyumbani kwangu. Hamadi alitushika mkono kila mmoja, akatuambia Mungu ndiye shahidi, yeye ni wa kuongezea. Kisha akasema yeye mwenyewe ataingia na jipu lake, na Gédéon akichelewa njiani atamwekea kitanda Kabambare.

Kazi ilianza Jumatatu. Nilikwenda garajini kuangalia mali yangu inavyochinjwa, na nikiri kwamba mchinjaji alijua kazi yake. Aling'oa viti, zulia, redio, vitambaa vya milango, mpaka ndani ya gari kukabaki kama sufuria. Ngome ya mabomba, ile inayowalinda watu gari likipinduka, aliitengeneza kwa mabomba mazito ya kiwanda cha pamba kilichokufa zamani. Kila bomba alilikata, akalipasua kuona kama kutu imeingia ndani, na bovu akalitupa. Chini ya injini alichomelea bamba la chuma lililokuwa ubavu wa lori. Viti viwili vilitoka kwenye basi dogo lililoanguka, mikanda kwenye mzoga wa jipu, na kofia zilikuwa za pikipiki. Mdomo wa kuvutia hewa ya injini aliupandisha juu ili tukivuka maji isinywe. Karibu kila kitu kilikuwa kimekwisha kufa kwingine, yeye akakifufua.

"Gari ya mbio ya wazungu inajengwa na mali," aliniambia akiwa chini ya gari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sauti yake ilikuwa na kicheko. "Hii inajengwa na macho."

Mwisho kabisa, kama mpishi anayeacha nyama kwa mkono wake mwenyewe, akaja kwenye resori. Aliongeza mapande mazito ya pikapu, akayapiga moto, akayapinda, akayakaza. Mafundi wengine waliacha kazi zao wakaja kutazama. Gari likainua makalio juu, likasimama kwa fahari mbele ya garaji, na watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Tulilijaribu kwenye barabara ya Nyangwe. Gédéon aliendesha, mimi nikakaa kando yake. Vijana wote wa garaji walikuwa tayari kwenda naye kama kopilote, lakini mimi niliwakataa. Kopilote ni mtu wa kumwambia dereva kona inayokuja, nami nilikuwa na kazi nyingine: nilitaka kuwa ndani ya gari lile siku ya mashindano, ili nikiona mkono wa mtu baki umeligusa, niseme. Nilikwenda kulinda haki yangu.

Kwenye njia iliyonyooka lilikwenda vizuri. Kwenye kona ya kwanza lilipiga tuta dogo, makalio yakaruka, magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani, na kabla sijamaliza kumwita Mama Bikira Maria tulikuwa tumegeuka tunatazama tulikotoka, katikati ya muhogo wa mtu. Mwenye shamba alitufundisha adabu kwa lugha mbili. Gédéon akasema ni matairi. Akabadilisha matairi. Tulirudi siku nyingine, tukaruka tena, tukaingia upande wa pili wa barabara. Akasema ni mchanga. Mara ya tatu akasema ni upepo, na mimi nikamwambia ashuke anionyeshe huo upepo.

Jioni ile Gédéon alikuwa amenuna, gari limejaa vumbi, nami nilikuwa na mchele wangu kwa jamaa zetu wa njia ileile. Nikamwambia kwa kuwa gari halina viti, basi walau libebe magunia. Alikubali kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubishana. Tukapakia nyuma magunia mpaka ngome ya mabomba ikawa kama ghala, tukaanza kurudi Kasongo. Na gari likatulia. Lilipita kwenye matuta kama mtu aliyeshiba, likakata kona bila kutikisa makalio. Gédéon akaongeza mwendo, likatulia zaidi. Akatabasamu. "Unaona?" akasema. "Iko muzuri."

Mimi nilikuwa nimegeuka nyuma natazama magunia. Wakati mwingine jambo huja lenyewe likakaa mbele yako.

"Baba Carine," nikasema, "umejenga lori."

Nikaendelea, maana nikianza sikomi. Nikamwambia kwamba katika mkoa wetu huu wa Maniema hakuna mtu anayeweza kuwaza gari bila kuwaza mzigo. Mtoto wetu akichora gari, anachora na magunia juu. Yeye amechukua gari la mbio, ambalo halibebi ila watu wawili na kofia zao, akalitengenezea mgongo wa kubeba mchele wa mtaa mzima, na mgongo ule ukikosa mzigo unarusha kila kitu. Toa yale mapande, nikamwambia, yarudi yale ya mwanzo peke yake.

Nilijua ninalomwomba. Mtu akikuambia uondoe kitu kilichokupatia jina, si kuondoa vyuma tu. Alisimamisha gari mbele ya nyumba yetu, akapakua magunia moja moja bila kutazama upande wangu, akaenda kulala bila chakula. Ningeweza kunyamaza tangu mwanzo. Gari lingeruka mpaka kwenye mtaro wa kwanza nje ya Kasongo, nami ningerudishiwa maharusi wangu. Lakini nikiona kitu kibaya kinatengenezwa, mdomo unaniwasha, hata kama ubaya wake ni faida yangu.

Asubuhi alilala chini ya gari, akafungua mapande yake mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Mafundi walinong'ona. Hamadi alikuja akalisukuma gari kwa mkono mmoja, likabonyea nyuma, likainuka polepole.

"Ndugu yangu Gédéon," akasema, "sasa uko unajenga baiskeli?"

"Niko najenga motokari ya kwenda," Gédéon akamjibu. "Yenye kubeba nilikwisha kujenga mingi."

Aliweka amortisa ndefu zaidi, yale mabomba yanayotuliza mruko, akatoa na milango ya nyuma, akafunika nafasi zake kwa mabati mepesi. Kila kilichoweza kutoka kilitoka. Tukarudi barabara ya Nyangwe. Kwenye kona ya muhogo mwenye shamba alikuwa amesimama na fimbo, anatungoja. Tulipita mbele yake tumenyooka, vumbi likambusu, na nilipogeuka nikaona amenyanyua ile fimbo anatushangilia. Nilicheka mpaka machozi. Gédéon aliendesha kama mtu mwingine, mabega yamelegea, mikono myepesi, mume niliyemjua chini ya malori sikumwona humo. Nikaogopa kidogo, maana nilianza kufurahi.

Siku ya mashindano tuliondoka Kasongo baada ya pikipiki na jipu. Njia ile naijua. Miaka mingi nimekwenda na kurudi upande wa Wamaza nyuma ya pikipiki kutafuta karanga na mafuta ya mawese, na kila shimo lake limewahi kunipiga mgongoni. Nilikuwa nimeapa sitamsaidia kwa neno hata moja. Kiapo hicho kilifika mpaka daraja la kwanza. "Shika kushoto, Baba Carine, kulia kuna gogo limeoza." Akashika kushoto. "Punguza, kuna jiwe nyuma ya hiki kichuguu." Akapunguza. Baada ya hapo sikunyamaza tena, na katika vijiji nilimpunguzia mwendo kwa kumpiga paja, kwa sababu mbuzi na watoto hawakujiandikisha mashindanoni.

Tulipita pikipiki mbili zilizokatika minyororo. Tulipita jipu moja limefunguliwa boneti, wenyewe wanalitazama kama mgonjwa asiyesema. Jua lilikuwa bado juu ya miti na mimi nilikwisha kuanza kupiga hesabu ya maharusi: nani ataoa, watabebwa na nini. Ndipo tukashuka kwenye bonde moja nililokuwa nikiliogopa tangu asubuhi. Bonde hilo halikauki hata kiangazi. Chemchemi inatoka chini ya barabara, na malori yameikoroga mpaka imekuwa uji mweusi. Jipu zilizotutangulia zilikuwa zimelichimba zaidi. Gédéon alijaribu kupita pembeni kwenye nyasi, gurudumu la nyuma likateleza, gari likaingia katikati ya uji na kukaa.

Aliingiza gia, akatoa, akaingiza. Matope yaliruka, gari halikwenda. Akazima injini ili isichemke, na kimya kikaingia. Kutoka mashambani watu wakaanza kuja, majembe mabegani, wanaume kwa wanawake. Ni desturi ya njia ile, gari likikwama hakuna anayengoja kuitwa. Mbele yao alikuwa mama mmoja, Ernestine, ambaye huniuzia karanga. Alikuwa amekwisha kupandisha kitenge magotini.

"Mama Carine! Kumbe ni weye! Shukeni pembeni, tunaitoa hii kitu sasa hivi."

"Asante, mama, lakini musiguse," nikasema kupitia dirishani. "Sheria ya mbio inakataza."

Walisimama. Walitazamana. Mzee mmoja akauliza kama mikono yao ina ugonjwa. Ernestine akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Munakwama mbele ya mashamba yetu, halafu munakataa musaada yetu? Juu ya nini?"

Jibu lilitoka kwa Gédéon. Alivua kofia yake, akafungua mlango, akasimama ndani ya matope mbele ya watu wale. Ni watu wa kwao. Lafudhi yao ni lafudhi ya mama yake.

"Acha wasukume," akaniambia. "Mutu hawezi kukataa watu wenye wameacha shamba kuja kumusaidia. Tumeshindwa, Mama Carine. Motokari irudie maharusi."

Alilisema bila uchungu wa kujionyesha. Alilisema kama mtu anayefunga mlango wa garaji jioni. Na mimi nilikuwa nimeshinda. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kwenye kiti changu nikunje mikono. Nilimwona amesimama pale, matope magotini, kofia ya pikipiki kwapani, mtu aliyetaka kwenda mara moja tu, na moyo wangu ukapinduka. Nampenda yule mwanamume. Miaka yote hii nilikuwa nalisema kwa kumgombeza, na siku ile kugombeza hakukutosha.

Nilifungua mkanda, nikavua viatu, nikashuka. Matope yalikuwa ya baridi, yakanifika juu ya magoti.

"Baba Carine, ingia ndani, washa," nikasema. Kisha nikawageukia watu wa shamba. "Na ninyi mama zangu na baba zangu, mukitaka kutusaidia, musiguse motokari. Mutuimbie. Ule wimbo wa kulima, wenye kuinua jembe."

Ernestine alinitazama, akacheka kwa sauti, akapiga jembe lake kwa jiwe na kuanza. Wengine wakaitikia. Nadhani hakuna gari lililowahi kutolewa matopeni kwa namna ile. Niliweka bega langu nyuma ya gari, na kila walipofika kwenye mwitikio nilisukuma. Gédéon alikanyaga mafuta taratibu, bila papara. Mara ya kwanza nilianguka kifudifudi. Mara ya pili matope ya magurudumu yalinijaza mdomo, nikatema, nikaweka bega tena. Lori, mwanamke mmoja hawezi kulisukuma. Lakini hili halikuwa lori tena. Lilikuwa jepesi, mgongo wake mlaini ukikaa na kuinuka pamoja na wimbo, kila mara likipanda kidogo zaidi, mpaka likashika ardhi ngumu na kutoka kama limeitwa.

Halikusimama. Mbele kulikuwa na mlima, na mtu akisimama pale anarudi bondeni kinyumenyume. Gédéon akaenda na gari mpaka juu, na mimi, mama mtu mzima, nikaupanda mlima ule mbio, peku, nikimtukana kwa Kifaransa na Kiswahili, huku shamba zima likinikimbiza kwa vigelegele.

Kabambare tuliingia na jua likiwa mkono mmoja juu ya vilima. Mji mzima ulikuwa barabarani. Hamadi, aliyefika kitambo, alikuja amefungua mikono, akaniona, akasita kunikumbatia. Dada mmoja wa kamati, Rachelle, akasimama mbele ya gari na kututazama, mume amejaa vumbi, mke amejaa matope mpaka kwenye nywele.

"Kuna mutu mwengine mwenye aligusa hii motokari njiani?" akauliza.

Gédéon alinitazama mimi. Alijua nilikwenda kwa ajili ya swali hilo, na kwamba neno langu litakuwa la mwisho.

"Hakuna," nikasema. "Iliguswa na sisi wawili tu."

Watu walipiga kelele. Gédéon aliegemea mlango wake, akafunika uso kwa ile kofia, mabega yakamtetemeka, na nikawaacha watu wadhani ni vumbi. Nikamvuta mkono.

"Motokari ni yako," nikamwambia. "Maharusi watapanda pikipiki, hawatakufa. Lakini kurudia Kasongo, naendesha mimi."

Alipangusa macho, akaenda upande wa pili wa gari, akakaa kwenye kiti changu na kufunga mkanda.